Godoro la Kuinyamazisha Kompresa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mama mkwe karudi kutoka hospitali. Kakonda, lakini ulimi uko vilevile. Tumempa chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa. Kasoro moja tu: nje ya ukuta wake ndipo ilipo mashine ya chumba cha baridi, anamohifadhi maziwa ya duka lake. Inanguruma kutwa. Daktari kasema alale kila mchana. Atalalaje mtu ubavuni mwa trekta?

Mke wangu kashauri tumwite kaka yake. Huyo shemeji ni fundi wa majokofu. Ana cheti, ana gari, ana mkoba wa vipimo. Nimekataa. Mimi ni fundi saa. Anayefungua saa ya mkononi ashindwe na kitu kikubwa kisichohitaji hata miwani?

Nina mpango.

Jumanne, tarehe 5

Godoro kuukuu la sponji, vipande viwili vya zulia, kamba. Nimeifunika mashine yote kama mtoto mchanga: kompresa, feni, na zile nyavu za bomba zinazotema joto nyuma. Kimya! Ngurumo imebaki mguno wa paka.

Mama mkwe kauliza mashine imepatwa na nini. Nikamwambia apumzike, mkwewe yupo kazini. Akasema ahsante, mwanangu. Miaka kumi na minne ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza ambayo hakuongeza "lakini".

Jumatano, tarehe 6

Mashine imejizima saa nne. Nikabonyeza kitufe, ikawaka. Saa nne na robo, ikajizima tena. Nimebonyeza mara tisa! Hatimaye nimemkamata mchawi: kidude kidogo kama kiberiti, kimeungwa kwenye bomba jembamba. Shemeji ndiye aliyekifunga mwaka jana. Presha ikipanda sana, kinakata umeme. Kidude cha woga, kama aliyekifunga.

Nimekiruka kwa kipande cha waya, umeme upite bila kukipitia. Sasa inakwenda bila kusita. Nimebandika karatasi yenye tarehe na neno moja: IMEPONA.

Mke wangu anasema anasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia ni jirani, kasahau sufuria jikoni.

Alhamisi, tarehe 7

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Mama mkwe hajapata usingizi tangu juzi. Analala macho wazi, anautazama ukuta. Nikadhani bado kuna kelele. Nikaongeza blanketi juu ya godoro.

Saa nane mchana shemeji akaja kumjulia hali mama yake. Hakufika chumbani. Alisimama uani, akanusa, akakimbia kuzima umeme. Godoro likaruka upande mmoja, blanketi upande mwingine. Alisogeza kiganja karibu na kompresa, akakirudisha upesi.

Akaniuliza kwa upole. Huo upole ndio uliouma. "Shemeji, nani kairuka kinga ya presha?"

Nikamwambia swali lake ni pana mno.

Akaipa mashine muda ipoe, akafungua kizibo cha chini. Oili ikatoka nyeusi kama kahawa iliyoungua. Akanieleza polepole. Joto likikosa pa kutokea, presha hupanda, na kompresa husukuma kama mgonjwa wa homa anayepandisha mkokoteni mlimani. Oili nayo huungua. Ikishaungua hailainishi tena. Inageuka tope na tindikali, inazila nyaya za ndani. Siku moja zaidi, kasema, tungekuwa na msiba wa chuma.

Na maziwa je? Madumu thelathini na moja, joto linapanda! Duka lote la mama mkwe lilikuwa mle ndani. Mke wangu alikwenda mbio kwa mwenye bucha, akarudi na ruhusa ya kutumia chumba chake cha baridi. Tukabeba. Mimi nilibeba mengi kuliko wote. Hakuna aliyeliona hilo. Hakuna dumu lililoharibika.

Mke wangu hakunigombeza. Alinifuta jasho kwa upande wa kanga, akasema anajua nilitaka mama yake alale. Ningependa zaidi angenigombeza.

Ijumaa, tarehe 8

Shemeji yupo uani tangu asubuhi. Kamwaga oili yote, kabadilisha filta, katia oili mpya, kaiendesha kidogo, ikatoka ya kahawia, kaimwaga tena, katia nyingine. Waya wangu kauchomoa, nyavu kaziosha mpaka zinang'aa. Nilimshikia tochi. Aliniomba nisishike kitu kingine.

Nikaingia kwa mama mkwe kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazito. Yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu: mama, nilitaka upate usingizi.

Alicheka hadi akakohoa. Akanishika mkono. "Mwanangu, kimya ndicho kilichoninyima usingizi."

Marehemu mumewe, kasema, alikuwa akikoroma hivyohivyo, bila kituo. Ile mashine aliinunua yeye, akaifunga yeye, na tangu aondoke ndiyo inayomkoromea. "Jumanne iliponyamaza, nikaona kama amekufa mara ya pili. Sikutaka kuwasumbua kwa jambo la kijinga."

Nilitazama dirishani kwa muda. Chumba kile kina vumbi, linaingia machoni.

Saa kumi shemeji akawasha. Ikanguruma! Tulisimama mlangoni watatu, mimi, mke wangu na kaka yake, kama watoto wanaochungulia. Mama mkwe aliweka kiganja ukutani. Dakika sita, akalala. Muda si muda akaanza kukoroma naye, wakawa wanaitikiana, yeye na ukuta. Shemeji alinipiga begani, akasahau kunilaumu.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeapa mbele ya mke wangu kutoigusa tena. Shemeji kaniachia maagizo kwa mwandiko mkubwa, kama wa kumwandikia mtoto. Mashine ipate hewa. Nyavu zioshwe kila mwezi. Kinga isiguswe. Rangi ya oili itazamwe. Nimesoma mara mbili. Nimeelewa kila neno.

Jumapili, tarehe 10

Mama mkwe anakula, anacheka, analala. Analalamikia miguu tu. Inamwia baridi, hata kwa soksi mbili.

Nimefikiri sana. Ile mashine inatema joto uani kutwa nzima, bure! Linamfaa nani? Nikipata sanduku la mbao la kuifunika barabara, bomba pana la bati, na tundu ukutani usawa wa kitanda, joto lote litamfikia miguuni. Huku si kuinyima hewa. Ni kuielekeza hewa. Na sanduku si godoro.

Mke wangu kanikuta uani na futi ya kupimia, akauliza napima nini. Nikamwambia natafuta mahali pa kutundika saa.