Nilivyonaswa Juu ya Bati Langu Mwenyewe

Masanja na Lutema, wenzangu wa toroli,

Nawaandikia nimesimama. Kukaa siwezi. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo na mgongo nimeupa ukuta, maana leo ukuta peke yake ndio haujanicheka. (Mwandiko wangu mnaujua. Darasa la pili sikulimaliza, lakini barua zangu hufika.)

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, nusu ya Shinyanga ikitazama. Sisemi kwa mafumbo. Nimevuliwa suruali, na aliyenivua ni fundi yule yule aliyeishona. Tulieni niwaeleze.

Mnajua mimi si mtu wa kujisifu. (Masanja, nakuona.) Lakini ukweli husemwa. Tulipokuwa Geita tunasukuma toroli za mawe, nani alisema atajenga ghorofa? Mkanicheka mpaka mkamwaga chai. Haya, leo niko ghorofani. Chini nina mashine ya kusaga na chumba nilichompangisha fundi cherehani. Juu naishi mwenyewe na familia. Mtu akiuliza njia ya stendi anaambiwa, "Nenda mpaka ghorofa ya Baba Kabula, kisha kata kushoto."

Kitu ambacho sikuwahi kuwaandikia ni joto. Mwezi huu wa kumi, mvua hazijaanza, humu ndani ni chungu kilichofunikwa. Jua linalipiga bati tangu saa mbili asubuhi. Ikifika saa sita misumari inalia yenyewe, ta, ta, ta. Mshumaa wa mezani umejikunja, umelala kifudifudi. Pangaboi ninalo, nimelitoa Mwanza, linaning'inia sebuleni. Halizunguki. Umeme hatujauona tangu mwezi wa saba. Wageni wakija nawaonyesha pangaboi, tunalitazama pamoja, tunatoka jasho.

Mimi joto naliweza. Shida ni Baba.

Mama alifariki wakati wa mavuno huko nyumbani Mhunze. Lutema, ulikuja msibani, unakumbuka. Mama amekufa hajalala humu hata siku moja. Kila nilipokwenda kumwona nilimwambia, "Ngoja nimalize ngazi, Mama, upande vizuri." Ngazi ikaisha, yeye akawa hayupo. Kwa hiyo siku ya matanga nilisimama mbele ya ukoo wote nikasema: Baba habaki peke yake, Baba atazeekea ghorofani kwangu. Nilisema kwa sauti kubwa. Wazee wakaitikia. Aliyenyamaza ni Baba tu.

Amekaa kwangu siku ishirini na moja. Nilimpa chumba cha mbele, kitanda cha springi, godoro, chandarua. Kutwa anajifungia humo, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na koti limefungwa vifungo vyote. Koti lile zito alilorudi nalo kutoka mashamba ya mkonge, sisi tukiwa wadogo. Ukiingia unamkuta jasho linamdondoka kidevuni. Unamwuliza, "Baba, joto vipi?" Anajibu, "Sijambo." Chakula anakigusa tu. Kucheka hacheki. Jana jioni akaniita.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "kesho kuna basi la saa nane. Narudi nyumbani."

Mlio bado na baba zenu hamwezi kujua neno hilo lilivyoniingia. Nilimpoteza mmoja kwa kuchelewa. Huyu wa pili ananitoka mikononi huku ngazi imekwisha.

Mke wangu akanivuta mpaka jikoni, kule uani.

"Baba Kabula, mzee hasumbuliwi na bati."

"Anasumbuliwa na nini?"

"Keti nikwambie."

"Mama Kabula, bati nimelinunua mimi, nimelipigilia mimi. Leo joto la bati unanifundisha wewe?"

Akanitazama, akachukua mwiko, akarudi kwenye ugali wake. (Ningeketi jana, leo ningeweza kuketi.)

Mimi tatizo halinilazi. Asubuhi akili ikanijia: magunia. Nichukue magunia sita ya pale mashineni, niyaloweshe, niyatandike juu ya bati palipo chumba cha Baba. Chumba kipoe kama mtungi, mzee abaki. Nikamwambia mlangoni, "Baba, nipe mpaka saa nane. Nikishindwa kukipoza chumba hiki, mimi mwenyewe nakusindikiza stendi."

"Panda," akasema. Hakuongeza neno.

Nikavaa suruali yangu ya tetroni, ile rangi ya maziwa. Mtauliza kwa nini. Kwa sababu mtaa mzima ungeniona, na mwenye ghorofa hapandi juu ya mali yake amevaa kama kibarua.

Hapa inabidi niseme habari ya lami. Mwaka jana bati lilivuja kwenye misumari. Fundi akashauri nipake lami kidogo, tone moja kila msumari. Tone? Mimi? Nilipata nusu pipa kwa watu wanaojenga barabara, nikapaka kwa mkono wangu, unene wa kidole, mstari mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo. Halijavuja tena, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Ila lami iliyoko juu ya bati, saa sita mchana, mwezi wa kumi, ni uji.

Nilipanda na gunia moja moja, na maji kwenye debe. Kufika gunia la tano mgongo ukagoma. Bati lilikuwa linanichoma mpaka ndani ya kandambili. Nikatafuta pa kupumzikia. Nikauona ule mstari mweusi, umetulia, hauna makali ya bati. Nisiwadanganye: nilijua ni lami. Nilidhani imekauka. Nikakaa.

Mwanzoni palikuwa pazuri. Niliuona mji wote, stendi, reli, kinu cha pamba, vumbi la ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Mtu mmoja barabarani akanipungia, nikampungia kwa mkono wa kitajiri. Kisha moto ukapanda kutoka chini. Nikainuka, suruali ikabaki. Nikajaribu tena kwa nguvu, bati likataka kuinuka pamoja nami. Hapo nikatumia akili. (Akili hii ipo siku itaniua.) Nikavuta debe la maji, nikajimwagia makalioni ili lami ipoe.

Ikapoa. Ikaganda.

Fundi Idi, mpangaji wangu wa cherehani, akatoka nje kujinyoosha. Akatazama juu.

"Mwenye nyumba, mbona umekaa sana?"

"Nakagua misumari."

"Kwa makalio?"

Watu wakaanza kusimama. Mama mmoja aliyebeba kapu la michembe ya viazi akalitua kabisa, akakaa juu ya jiwe, akaanza kutafuna.

"Hebu nyanyuka tuone," Idi akasema.

"Nikitaka nitanyanyuka."

"Ametaga huyo," sauti ikatoka nyuma ya watu. "Mwacheni aatamie."

Mke wangu akatokea uani, upawa mkononi. "Baba Kabula, si uivue tu ushuke?"

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

Nikamtazama tu. Akaelewa. Miaka kumi na minane ya ndoa, anajua kwamba mwezi wa kumi ndani sivai kitu. Akafunika uso kwa upawa. Kisha akamwambia Idi, taratibu, "Kachukue mkasi."

Idi akaenda kutafuta mkasi, mke wangu akaingia kutafuta nguo ya kunisitiri. Ndipo nikasikia dirisha la Baba likifunguliwa chini yangu. Kwa siku ishirini na moja halikuwa limefunguliwa. Kutoka nilipokaa niliona ukingo wa kofia yake tu.

"Ng'wanawane."

Kwetu mtoto hazungumzi na baba yake akiwa juu ya kichwa chake. Mtoto anapiga goti, ndipo anaongea. Mimi nilikuwa juu ya kofia ya Baba kama kunguru, na goti lilikuwa mateka wa suruali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ni wewe unayegongagonga huko tangu asubuhi?"

"Nakupoozea bati."

"Limepoa?"

"Linapoa."

"Sasa mbona hushuki?"

Nikamweleza, kwa sauti ndogo ili watu wa chini wasisikie. Kisha nikaiona kofia ikitikisika. Baba alikuwa anacheka. Alianza kwa kukohoa, kicheko kikatoka tumboni, mpaka nikasikia ameshika ubao wa dirisha asianguke. Nami niliganda pale nikimsikiliza, na nusu yangu ilitaka kucheka naye.

"Baba, usiondoke," nikasema. "Gunia moja tu limebaki."

Kicheko kikaisha.

"Bati halina kosa," akasema. "Kule kwenye mkonge tulilala chini ya bati miaka. Mkeo ni mtoto mwema, sina neno naye. Lakini mlango wangu na mlango wake inatazamana. Anapita kwenda kuoga, anapita kufagia, anapita kuniletea maji. Mimi nivulie koti wapi? Nilale kifua wazi wapi? Nyumbani nina nyumba yangu, nina uzio wangu wa minyaa. Mkwe akija anakohoa tangu njiani, nami najisitiri. Hapa akikohoa ameshafika."



"Naye anaumia," akaendelea. "Unafikiri kutwa anakaa jikoni moshini kwa ajili gani? Ananipisha."

(Mimi nilidhani siku hizi anapika kwa bidii.)

"Baba, ungeniambia."

"Kila nilipofungua mdomo, ulikuwa unanionyesha pangaboi."

"Nitakujengea kibanda uani. Chako peke yako, na uzio. Nafasi ipo, nitaondoa vile vyuma vya lori. Naanza kesho."

"Jenga," akasema. "Ni jambo zuri. Ila mimi sina siku za kungojea mafundi."

Dirisha likafungwa.

Idi akapanda na mkasi, kitenge kikiwa begani. Akapiga magoti juu ya magunia, akaanza kunizunguka kama mtu anayepima.

"Suruali hii niliishona siku nne."

"Kata."

"Nifuate mshono au nipite pembeni?"

"Idi, mzee anaondoka. Kata."

"Basi usitikisike. Nikikosea sitaweza kuvishona."

Chini mlangoni nikamwona mke wangu amepiga goti, anamuaga. Baba ametazama pembeni, kama inavyopasa, fimbo mkono huu, kifurushi mkono ule. Mke wangu akanyoosha mikono kupokea kifurushi, amsindikize yeye badala yangu. Baba akatikisa kichwa.

"Baki na mumeo," nikamsikia akisema, "asije akaanguka."

Akaondoka peke yake. Watu wakampisha, wengine wakamwamkia, akaitikia vizuri. Mama wa michembe akampa michembe konzi moja, ya kula njiani. Ni mimi niliyesema nitamsindikiza.

Ubaya wa ghorofa ni kwamba unaona mbali. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona ya ghala la pamba. Alipoipita, mahali ambapo mtu wa nyumbani kwangu aliye chini hawezi tena kumwona, akasimama. Akageuka kutazama alikotoka. Akatua kifurushi. Akafungua kifungo cha kwanza cha koti, cha pili, cha tatu, vyote, bila haraka. Akalivua akalitupia begani. Shati lilikuwa limegandana na mgongo, na mgongo wenyewe umekonda kuliko nilivyodhani. Akasimama hivyo kidogo, mikono imetanuka, upepo unampita kwapani. Kisha akachukua kifurushi akaendelea, na nawaambia kweli, alitembea haraka kuliko alivyotembea siku zote alizokaa kwangu.

Nilitaka kumwita. Nikaona nikimwita atalivaa.

"Tayari," Idi akasema. "Inuka polepole, shika hapa mbele, nami nashika nyuma."

Nilishuka ngazi nimefungwa kitenge cha mteja wake, kimeshakatwa mikono ya gauni, kina pini bado, na pini zilinichoma. Watu walipiga makofi. Kufika chini nikasikia honi, na basi lilikuwa limeshavuka reli.

Tangu hapo mke wangu amenisugua lami kwa mafuta ya taa, ngozi imekuwa kama ya nguruwe aliyebanikwa. Hakunisema hata neno moja. Alipomaliza akaenda kukaa sebuleni, mahali ambapo hajakaa kwa wiki tatu, akalia. Nikamwuliza nini tena.

"Ukoo utasema mimi ndiye niliyemfukuza mzee," akajibu.

Nikamwambia nitawaeleza mwenyewe. Nitasimama mbele yao kama nilivyosimama siku ya matanga. Akaniuliza nitawaambia nini. Mpaka sasa natafuta maneno, ndiyo maana nimeanza na nyinyi.

Vyuma vya lori nimeshavitoa nje, vyote, leo leo. Nimeagiza nyasi na nguzo kwa mtu wa Mhunze. Hapa mtaani wanauliza tajiri anajengea nini nyasi. Siwajibu.

Nyinyi mwezi ujao mtapita huko mkienda kununua ng'ombe. Mfikieni Baba. Mtamkuta nyuma ya minyaa yake, kifua wazi, basi kohoeni kwanza. Mwambieni kibanda kinajengwa. Kisha mwacheni awasimulie habari ya lami. Mcheke naye, tena mcheke sana, maana hapa kwangu alicheka mara moja tu.

Mimi msinicheke.

Wenu,
Baba Kabula