Pilau Iliyotangulia Mwezi

Redio ya Sifuna ilitangaza kwamba mwezi haukuandama usiku uliopita, kwa hivyo Waislamu wangefunga siku moja zaidi, na Idd ingekuwa kesho Jumamosi. Ilikuwa habari fupi, ya kawaida kabisa, na huenda haikumtoa mtu jasho popote nchini isipokuwa Fanuel, aliyekuwa amesimama mbele ya benchi la kahawa la karibu na stesheni ya zamani ya Voi, huku sufuria nne kubwa za pilau zikichemka kwa jina lake nyuma ya soko.

Mpishi alikuwa Katuku, bingwa wa harusi na matanga. Aliwasha moto kabla ya mapambazuko kwa sababu kalenda iliyotundikwa mlangoni pake ilisema Idd ni leo, Ijumaa. Kalenda hiyo aliitengeneza Fanuel mwenyewe. Ilikuwa na uso wa Donald, mgombea wa kiti cha wadi, meno yote nje, na chini ya kidevu chake maneno mekundu: HAKUNA KUBAHATISHA. Donald alikuwa amemwahidi kijana huyo wa Wusi, juu milimani, kazi ofisini mwake akishinda. Na leo, baada ya sala ya Ijumaa, mgombea alikusudia kuwalisha Waislamu pilau ya sikukuu, simu zikipiga picha.

Benchi lenyewe halikuwa na kahawa. Muuza kahawa huzima jiko lake mchana wote wa Ramadhani, lakini wateja hawakuwa na pengine pa kwenda, basi walikuja vilevile na kubishana kikavu. Sifuna, fundi mstaafu wa reli, walimwita Injini, kwani akianza kusema hasimami mpaka stesheni inayofuata. Jeconia, dereva wa pikapu ya shamba la mkonge, Mwadventista, walimwita Sabato. Ustadh Twaha, mwalimu wa jiografia na wa madrasa, walimwita Hilali. Nyuma yao, ukutani, Donald alitabasamu katika nakala nyingine ya kalenda.

"Kalenda niliyonakili ilikuwa na mstari mdogo chini ya Idd," Fanuel akakiri. "Ilisema: itategemea kuandama kwa mwezi."

"Na huo mstari ulienda wapi?" akauliza Sifuna.

"Ulikuwa unapita juu ya tai ya mheshimiwa. Nikauondoa."

Sifuna akageuka kuitazama kalenda, kisha akamtazama kijana. "Umefuta mwezi kwa sababu ya tai."

Jeconia akataka kujua kwani kompyuta ni za nini, ikiwa watu wa anga wanajua mwezi ulipo hata ukijificha. Alikuwa na shemeji yake kule Chala aliyesimulia kwamba mwaka mmoja wenzao wa ng'ambo ya mpaka walikuwa washakula sikukuu, na wa huku bado wamefunga, hata mtu mwenye shamba pande mbili hajui alime au avae kanzu.

"Hesabu hiyo hata mimi naijua, naifundisha kidato cha tatu," akasema Ustadh Twaha, midomo mikavu, sauti ya upole. "Lakini sisi tuliambiwa tuuone. Hatukuambiwa tuukokotoe."

Akaeleza, kama aelezaye darasa la watoto watukutu, kwamba mwezi wao una siku ishirini na tisa au thelathini, na usipoonekana jioni ya ishirini na tisa mtu hukamilisha thelathini bila ugomvi. Mwaka wa namna hiyo ni mfupi kuliko ule wa jua, kwa hivyo Ramadhani hurudi nyuma kidogo kila mwaka, ikipita misimu yote. Alipokuwa mvulana alifunga katika baridi ya Julai. Leo anafunga Machi ya Voi, wakati ambapo hata mbuzi hugombea kivuli cha nguzo ya stima.

"Ingeganda mahali pamoja, kuna watu wangefunga kwa joto maisha yao yote, na wengine kwa baridi tu. Hivi inazunguka, kila mtu anaonja."

Fanuel aliona kwamba huo ulikuwa mgawo wa haki kuliko wowote uliomo katika manifesto ya Donald, aliyoiandika yeye.

Sifuna hakukubali. Alisema Wakatoliki hawana shida hiyo, sikukuu zao zinakaa pale zilipowekwa, hazimngoji mtu apande paa.

"Pasaka mwaka jana ilikuwa lini, Injini?" akauliza Ustadh.

"Aprili."

"Na mwaka huu?"

"Aprili."

"Tarehe ileile?"

Sifuna akaanza kuifuta redio yake vumbi. Ustadh akamwarifu kwamba Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu. Sifuna akasema Padri hajawahi kumwambia, na kwamba Padri angependa ajue, angemwambia. Jeconia alicheka hadi akashika mbavu, akajigamba kwamba Sabato haijui mwezi wala mawingu.

"Lakini inangoja jua lizame," akasema Twaha. "Kama siku yetu. Mimi na wewe tunaanza siku jioni, tukiwa macho. Huyu Injini siku yake huanza usiku wa manane, yeye anakoroma."

Fanuel akawasihi wamsaidie. Je, Wakristo hawawezi kuila hiyo pilau? Sifuna akamkumbusha kwamba leo ni Ijumaa ya Kwaresima, na nyama haipiti kooni mwake. Jeconia alikuwa tayari, ila alikuwa mtu mmoja.

"Si urudi kwenu Wusi," Sifuna akashauri, "nyinyi ni majirani wa mbingu. Utangaze umeuona."

"Shahidi wa mwezi awe Mwislamu, tena mwaminifu," akasema Ustadh. "Huyu ni Mwanglikana, na yuko kwenye kampeni."

Mwishowe Twaha mwenyewe akatoa njia: makaa yapunguzwe, vifuniko vikazwe, chakula kipelekwe msikitini kwa wakati wa magharibi, kiitwe futari. Fanuel akampigia Katuku, ambaye alisema kwa joto hili itakuwa uji wa nyama. Twaha akajibu kwamba aliyefunga hana ugomvi na uji. Jeconia akakubali kubeba sufuria, mradi ziteremshwe kabla jua halijazama, kwa sababu likizama gari lake linaingia Sabato pamoja naye.

Ndipo Donald akafika. Alivaa kanzu mpya ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado imesimama, akalisalimu benchi zima: "Idd Mubarak, wazee wangu."

Fanuel alihisi ile kazi ya ofisini ikimtoka mikononi, lakini akasema kweli yote, hata ule mstari na tai.

"Haukuonekana?" Donald akakunja uso. "Aliyetangaza ni wa mrengo gani?"

"Hana mrengo, mheshimiwa. Ni mwezi."

"Kila mtu ana mrengo."

Fanuel akamweleza habari ya futari. Donald akafikiri, akamwita mpiga picha wake, akaitazama simu kwa uso wa huruma. "Sisi tulijua mwezi hautaonekana," akasema. "Ndiyo maana tumeandaa futari. Hakuna kubahatisha."

Ustadh Twaha akakohoa. Donald akaelekea garini, akiagiza kwamba kalenda ya mwakani iandike Idd Jumamosi, watu wazoee.

"Na ile kazi, mheshimiwa?" Fanuel akauliza.

"Tutaona," akasema Donald, na mlango ukafungwa.

Vumbi lilipotulia, Fanuel aliokota kipande cha mkaa katika jiko baridi la kahawa. Akauendea ukuta, akaandika kwa utulivu chini ya yale maneno mekundu, juu ya tai yenyewe. Jeconia alikuwa tayari amewasha pikapu, akipiga honi kwamba jua halimsubiri mtu. Sifuna akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Hakuna kubahatisha. Itategemea kuandama kwa mwezi."

Ustadh Twaha akainuka, akakung'uta kanzu yake. "Sasa hii kalenda," akasema, "ni sahihi."