Sauti ya Nne ya Mwalimu Eliakunda

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Upepo wa Same umeng'oa bango langu tena. Lilisomeka ANAELI STUDIO, PICHA NA SAUTI. Kimebaki kipande cha SAUTI. Nimeona ni dalili njema.

Maana saa nne hii kashuka Bibi Raheli kutoka mlimani, na diski mkobani. Ni mjane wa Mwalimu Eliakunda, aliyefundisha kwaya ya usharika wetu miaka thelathini na kuimba besi humo humo. Diski ni ya jubilei ya kwaya, Aprili mwaka jana. Mgeni wa Kifini alikuja na maikrofoni za kutosha mkutano wa hadhara, akarekodi, akarudi kwao, akaituma. Hakuna deki iliyoikubali. Imekaa kabatini chini ya kitambaa.

Shida yake: Jumamosi ni kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Mwalimu afariki. Anataka kusikia sauti yake. Hata neno moja. Simu yenye sauti zake ilitumbukia kwenye sufuria la makande siku ya msiba, na fundi kasema hapo hakuna cha kuokoa ila maharage. Alisimulia bila kucheka. Nikajizuia.

Nikamwambia ni kazi ya dakika kumi. Nikaongeza, kama nimekumbuka tu, kwamba siku ile ya jubilei, Mwalimu alipokuja kukaa benchi la nyuma nami wakati wa wimbo wa mwisho, goti likimsumbua, alinitamkia kwa kinywa chake kuwa mitambo ya kanisa niishike mimi.

Kukaa alikaa, ila hilo la mitambo si kweli. Lakini Baraza la Wazee linachagua fundi mitambo Jumapili, na mpinzani wangu ni Clemence, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Clemence! Mlutheri wa ndoa! Alikuwa Mkatoliki mpaka siku alipomwona mkewe.

Bibi Raheli alinitazama kidogo. Akasema kama Mwalimu alisema, basi alisema.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeingiza diski kwenye kompyuta. Imezunguka, imekwaruza, imetemwa. Nimeipangusa kwa khanga. Imetemwa. Nimeiombea. Imetemwa.

Nimesoma mtandaoni. Kumbe si DVD, ni blurei! Zinafanana kama mapacha, lakini hii vishimo vyake ni vidogo mno, inasomwa kwa mwanga wa buluu. Mashine yangu ina mwekundu. Nimekaa mlangoni nikiigeuza juani karibu saa nzima, wateja wakisubiri paspoti saizi. Ibada nzima imo humu kwa vishimo! Kwaya, mahubiri, matangazo. Kishimo kipi ni Mwalimu?

Mji mzima, ninayemjua mwenye drive ya blurei ni mmoja. Yule yule. Nikabuni mbinu. Nimevuka barabara nikasema naiomba ya kusafishia kompyuta. Clemence akauliza drive inasafishaje kompyuta. Nikamjibu ndiyo maana nataka nijaribu. Akacheka mpaka akashika meza, akanipa. Eti nikikwama nivuke tena. Kiburi hicho!

Jumatano, 3 Septemba

Imesoma! Ila inataka gigabaiti arobaini, na mimi nina sita. Nimefuta harusi mbili. Ya kwanza walishaachana. Ya pili sijui, lakini hawakuwahi kuja kuichukua.

Picha nimezitupa, nimebakiza sauti. Programu ikaniuliza kama nataka kuzichambua. Nikabonyeza ndiyo, maana napenda kuona kitu kikichambuliwa. Zikatoka sita! Ibada moja, mafaili sita! Nani kaimba sita?

Nikamtafuta kijana mmoja mtandaoni anayeeleza mambo haya haraka haraka, kama anakimbizwa. Nimeshika moja tu: faili la nne ni la besi.

Nikaruka. Kwaya yetu inapangwaje? Sauti ya kwanza soprano, ya pili alto, ya tatu tenor, ya nne besi! Mfini katenga kila sauti na faili lake! La tano litakuwa kinanda, la sita mchungaji. Na Mwalimu alikuwa sauti ya nne maisha yake yote. Sikumaliza video. Ya nini?

Nimelicheza la nne. Kimya. Spika zangu ndogo, nikajua. Nimeongeza sauti mpaka mwisho, nikahifadhi kwenye flashi, nikaandika juu yake MWALIMU.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku mbaya. Nimepanda mlimani na bodaboda na lile spika langu kubwa la harusi, nimsikilizishe Bibi Raheli mapema. Kavaa gauni la kanisani. Kakaa mkao wa kupigwa picha. Nikabonyeza.

Ngurumo! Vikombe vikatembea mezani. Kuku wakatoka, mmoja kwa dirisha. Jirani kaja kuuliza kama barabara inapasuliwa.

Bibi Raheli alingoja iishe. Akasema ameishi na Mwalimu miaka arobaini, amemsikia akiwa na malaria, amemsikia akiwa na hasira, hajawahi kunguruma hivyo. Halafu akasema pole, nimejitahidi. Hiyo pole imenichoma. Angenifokea ningerudi nimetulia.

Nimevuka barabara. Ilibidi. Clemence hakucheka sana. Kaeleza kwamba mafaili si waimbaji. Ni mahali! Mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia. La nne ni mtetemo tu: ngoma, radi, jenereta. Mfini alitaka anayesikiliza ajione yumo kanisani, watu wamemzunguka pande zote.

Nimelala chali sakafuni kwa Clemence nikifikiria jambo hili. Yaani nyuma ya kanisa napo pana faili lake! Akaniomba niinuke, kuna wateja.

Ijumaa, 5 Septemba

Kutwa nzima na hedifoni. Sijawahi kufurahi hivi. Faili la kwanza: soprano na Bibi Raheli mwenyewe, anawahi mapigo. La tatu: mchungaji, karibu mno, nasikia akimeza mate. La tano, nyuma kushoto: mvua juu ya bati! Mvua ya Aprili mwaka jana, bado inanyesha humu ndani! Mtoto analia. Mlango unalia. Mtu anatafuna kitu.

Halafu, wimbo wa mwisho unapoanza, sauti nzito, ya karibu, ya chini chini: "Anaeli, mitambo ya kanisa..."

Umeme ukakatika.

Mwalimu! Jina langu! Mitambo! Nimesimama gizani mwa duka mchana kweupe. Inawezekana kweli aliniahidi, nami nikasahau, nikadhani nimetunga? Inaonekana nilisema kweli bila kujua. Faili nilishaliweka kwenye flashi. Umeme haujarudi, na sina haja ya kusikiliza zaidi. Ninajua inavyoendelea.

Jumamosi, 6 Septemba

Kumbukumbu. Kwaya nzima uani kwa Bibi Raheli, makande, chai ya tangawizi. Mchungaji na wazee wengine wako Moshi mkutanoni. Nilimwalika Clemence mwenyewe, ashuhudie.

Nikatoa hotuba fupi kuhusu ahadi za marehemu. Nikabonyeza.

Mvua. Mtoto. Kutafuna. Kisha Mwalimu, kama yupo nasi uani:

"Anaeli, mitambo ya kanisa usiiguse. Juzi umeunguza spika mbili. Na hizo ndizi ni za mnada, zirudishe."

Ndizi za mnada wa mavuno! Nilizila nne. Clemence alikuwa anaangalia mlima.

Nikanyoosha mkono nizime, Bibi Raheli akanishika. Maana baada ya hapo Mwalimu alianza kuimba. Pale benchi la nyuma, peke yake, taratibu, besi ya wimbo wa mwisho tangu ubeti wa kwanza mpaka amina. Mvua, na yeye. Mbele huko kwaya ilisikika kwa mbali.

Bibi Raheli alicheka na kulia pamoja. Alisema huyo ndiye, huyo ndiye mume wangu, haachi hata ndizi! Ikapigwa mara tano. Mara ya tano waimbaji wa besi wakamsindikiza. Nami nililia. Nusu ilikuwa kwa ajili ya Mwalimu.

Akaniomba nimwachie flashi. Nikamwachia.

Jumapili, 7 Septemba

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nimepata wazo.

Umeme umerudi. Nimefungua lile faili la tano. "Usiiguse." Nimelitazama neno lile kwenye skrini, milima midogo midogo. U. Si. I. Guse. Sasa hiyo "si" ni kitu gani? Ni ndogo kuliko kikohozi. Nimeikata.

"Anaeli, mitambo ya kanisa uiguse."

Safi! Huwezi kuona kiungo! Nimesikiliza mara saba. Ndizi nimezifuta. Ile ya kuunguza spika mbili nimeiacha, inaonyesha uzoefu.

Baraza linakaa leo saa tisa, mchungaji kesharudi, na yeye hakuwepo jana. Nimempigia katibu wa Baraza anipangie dakika mbili za kuwasikilizisha. Katibu ni Bibi Raheli. Kakubali mara moja! Kasema nije na spika kubwa, naye atakuja na flashi yake.

Vizuri sana. Zikiwa mbili, wazee watalinganisha ubora.