Tafadhali Mteremke, Msipande

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Waendesha Baiskeli,

Natumaini barua hii inakukuta magoti yakiwa mazima. Sisi wa nyumba ya kwenye kona, pale juu ambapo njia yenu ya Jumamosi inamaliza kilima na watu wenu wanamaliza pumzi, hatujambo, isipokuwa kwa haya ninayoyaandika.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na si mzungumzaji. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu kwamba nina akili ila lazima niulizwe mara mbili. Ndiyo maana naandika badala ya kuja ofisini kwenu, ambako nimeambiwa ni nyuma ya duka la vipuri na kwamba kuna watu wakati wote.

Tangazo lenu lililobandikwa dukani hapo linasema: "Njia tulivu za mashambani, vilima vya kupendeza, wenyeji wakarimu." Nimelisoma kwa makini, penseli mkononi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Utulivu. Ni kweli njia yetu ilikuwa tulivu. Ilikuwa tulivu kwa sababu hamkuwepo. Sasa mnakuja kundi zima kuutafuta huo utulivu, kila mmoja anahema kama pampu iliyotoboka, minyororo inalia, na mwenzenu mmoja amefunga redio kwenye usukani. Mkiondoka mnaambiana mmeufaidi. Sisi tunabaki na maganda ya ndizi. Kuhusu "wenyeji wakarimu", hatukumbuki kuulizwa.

2. Salamu. Mimi nimelelewa kuamkia wakubwa. Zamani Jumamosi yangu ilipita nikiwa barazani na kitabu, nikimwamkia muuza maziwa peke yake, naye huitikia bila kugeuka. Ninyi mnapita mmoja mmoja, mmeachana kama shanga zilizokatika uzi, na kila mmoja anastahili shikamoo yake. Nikimpa huyu, marahaba yake inachelewa kwa sababu anatafuta pumzi ya kuitikia, na mwingine ameshafika. Zinachanganyika. Nimewahi kupata marahaba mbili kwa shikamoo moja, na kuna bwana mwenye soksi ndefu ambaye hadi leo hajaniitikia.

Tena mkishavaa kofia ngumu na miwani myeusi, umri wenu hauonekani. Nilimwamkia kwa heshima zote mtu aliyekuwa anapanda ameinama, kumbe ni kijana tunayesoma naye darasa moja. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Usome kwa bidii." Sasa shule nzima inaniita Mwanangu, hadi mlinzi wa geti. Wiki iliyofuata nikajihadhari, nikamwambia wa kwanza kutokea, "Mambo vipi?" Alikuwa mwalimu mkuu.

Ningependekeza shikamoo moja kwa kundi zima. Nimpe wa mbele, naye aipitishe nyuma.

3. Mavazi na taaluma. Mwalimu wetu wa hisabati ni mwanachama wenu. Sitaki kumchongea. Nasema tu kwamba kuna sehemu za mwalimu ambazo mwanafunzi hapaswi kuzifahamu, na kaptura zenu hazijui kutunza siri. Isitoshe, alikuwa anatembea, anaisukuma baiskeli. Aliponiona aliinama na kuanza kuchunguza tairi la mbele, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Sasa tumefika kwenye mada ya mteremko wa mstari. Kila akichora mstari unaopanda ananitupia jicho, anaufuta, kisha anachora unaoshuka. Darasa zima halijui mistari inayopanda, na mtihani umekaribia.

4. Bibi. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba usome taratibu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mtu wa utaratibu kabisa. Tangu Babu afariki alikaa chumba cha nyuma, pazia limefungwa, uso umeelekea ukutani. Hakumsumbua mtu. Baba alimbembeleza, muuguzi alimshauri, shangazi alisafiri kuja kumlilia mlangoni. Akawaambia, "Niacheni. Kuna nini huko nje ambacho sijakiona?" Mimi nikabaki na baraza lote la kusomea.

Kisha mkaja ninyi. Jumamosi ya kwanza alisikia kitu kinahema chini ya dirisha lake, akalivuta pazia kwa hasira akidhani ni ng'ombe wa jirani. Alikuwa ni mweka hazina wenu, yule mnene mwenye ndevu nyeupe. Bibi akatoka nje bila viatu, akamwuliza, "Wewe, mama yako anajua umetoka nyumbani na hali hii?" Yule mzee akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasema, "Hajui, mama."

Tangu hapo Bibi amejipa ukocha. Hajawahi kuendesha baiskeli hata siku moja. Alibebwa tu nyuma ya ile ya Babu, amekaa upande, akimwambia apunguze mwendo. Lakini ikifika Jumamosi anaamka kabla yetu, anavaa viatu, anajaza jagi maji na kusimama kwenye kona. "Nyoosha mgongo, utapata kibiongo." "Wewe mwenye nyekundu, pumzika, hakuna anayekufukuza." "Kwani kilima kimekukosea nini, baba, mbona unakikunjia uso?" Nanyi mnatii, watu wazima wenye kazi zenu. Alipomwambia mweka hazina kwamba kifua kiko wazi na ataugua, yule bwana alirudi wiki iliyofuata amevaa sweta, jua likiwa la kukaangia.

5. Nyumba. Ukocha huo umevuruga kila kitu. Kochi limehamia barazani kwa ajili ya wanaokazwa na misuli. Kiti changu kimekuwa cha daktari wenu wa meno, ambaye hukazwa na misuli kila wiki, mguu uleule, karibu na sahani ya karanga. Baba, aliyekuwa analala Jumamosi kama watu wengine, sasa anawajazia watu matairi upepo. Mama anasema "mpishe mgeni" kabla sijamwona mgeni mwenyewe. Na riwaya niliyoazima maktaba ilitumika kumpepea mwenzenu aliyetaka kuzimia. Nilirudishiwa imelowa jasho kuanzia sura ya nne, na kurasa za mwisho zimegandana. Sitajua kamwe nani alimwua yule tajiri.

6. Ombi. Nilifikiria kwanza kuiomba serikali ikishushe kilima, lakini naelewa kwamba kilima kilikuwepo kabla ya chama. Nikafikiria kuwaomba mpande bila kuhema, nikaona ni ukatili. Nimechora ramani na nimepata njia nyepesi: anzeni pale mnapomalizia. Mkigeuza mzunguko, kona yetu mtaifikia kwa kuteremka. Kwa mwendo ule shikamoo haiwezi kumfikia mtu. Mwalimu hataonekana akitembea. Bibi hatapata nafasi ya kumaliza sentensi, atachoka, naye atarudi kwenye utaratibu wake. Kila mtu atabaki na heshima yake, nami na baraza langu.

Nisalimie wanachama wote, kwa pamoja, mara moja. Msalimie pia mwenye duka la vipuri, na umwombe radhi kwa alama za penseli kwenye tangazo.

Wako katika utulivu uliobaki,
Mwanafunzi wa nyumba ya kwenye kona
(wengine huniita Mwanangu)

Nyongeza: Haya niliyaandika Ijumaa, nikakosa ujasiri wa kuileta barua. Jana, bila hata kuombwa, mmegeuza mzunguko wenyewe. Mmeteremka, na yote niliyoyatabiri yametimia. Sikumwamkia mtu. Mwalimu alipita kama mshale, sikuona hata goti. Bibi alikuwa kwenye kona na jagi lake. Alipofika kwenye "Wewe, mama yako" mlikuwa mmeshavuka kalvati. Akaendelea kungoja, akidhani wale wa polepole wako nyuma. Kwenye mteremko hakuna wa polepole. Mwishowe akayamwagia maua maji yale, akasema, "Wameshajua, hawanihitaji tena," akaingia ndani.

Leo pazia limefungwa. Baraza lote ni langu. Nimekaa hapa tangu asubuhi na bado niko kwenye ukurasa uleule.

Nasikia mkutano wenu wa wiki hii utaamua kama mgeuzo huo uwe wa kudumu. Naomba namba ya sita usiwasomee. Pandeni. Pandeni polepole, na wanaohema zaidi wapite karibu na dirisha la nyuma. Shikamoo nitazitoa zote, mmoja mmoja, hata kwa yule wa darasani kwetu. Na umwambie mweka hazina asithubutu kuvaa sweta.