Video za Mama Zagoma Kufunguka

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama alitutoka mwaka jana. Video zake zote ninazo mimi, hapa nyumbani, mtaa wa Section 58, kwenye kompyuta yangu. Nimezifunga kwa ufunguo wa siri ambao kompyuta yenyewe inautunza. Ndugu yangu Kamande ameziomba tena, azionyeshe Jumamosi kwenye ibada ya kumbukumbu kule Longonot. Nimemwambia asubiri. Mimi ndiye niliyerekodi, mimi ndiye nitakayeonyesha!

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta inajikokota. Itaniaibisha mbele ya kanisa. Nimehamisha video kwenye diski ya nje, nikafuta kompyuta nzima na kuiweka upya. Inakimbia! Tangu Krismasi ilikuwa inanikumbusha nihifadhi nakala ya ufunguo. Kelele tu. Nilikuwa nabonyeza "baadaye".

Jumatano, 5 Machi
Video hazifunguki. Hata moja! Majina nayaona: Mama na ng'ombe, Mama akiimba. Nikibonyeza, naambiwa sina ruhusa. Mimi! Chelagat, fundi wa kompyuta pale mjini, aliuliza ufunguo ulikuwa wapi. Nikasema kwenye kompyuta. Akauliza, ile uliyofuta? Alijaribu kufufua vilivyofutwa. Zikarudi picha za paka wa jirani. Ufunguo, wapi! Alinirudishia diski kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia Kamande. Nilipanga kusema diski imeibwa. Aliposema tu "Niaje, bro," machozi yakanitoka, nikamwaga yote. Kisha akauliza, "Hata ile ya kuimba?"
Hata hiyo.
Heri angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Kamande hakunitaja. Alisimama na simu yake, akaonyesha kipande kifupi nilichowahi kumtumia kabla sijaanza ubahili wangu. Mama yuko jikoni: "Jamleck, wacha kunipiga picha, viazi vinaungua!" Watu walicheka. Ningempa Kamande video zote za Mama leo, kama ningekuwa nazo.

Jumapili, 9 Machi
Kamande amenitumia kile kipande. Nimekitazama mpaka chai ikapoa. Lakini hakiwezi kukaa wazi hivi! Nimekifunga kwa nywila ngumu ajabu, hata mimi siwezi kuikisia. Kisha nikamsihi Kamande afute cha kwake, maana simu huibwa.
Amenikatia simu.
Mtu mzima, na bado hajifunzi.