Godoro la Shangazi na Nadharia ya Kwanta

Jumatatu, 4 Machi
Mkataba wangu wa usaidizi wa utafiti unaisha Ijumaa. Profesa kasema bila matokeo haongezi hata siku moja. Sina wasiwasi. Nitathibitisha kwamba akili ya anayetafuta kitu mtandaoni hufuata nadharia ya kwanta, kama chembe za atomu: ukibadili tu mpangilio wa kurasa, anabadili hukumu yake kuhusu ukurasa upi unamfaa. Mtakwimu wa meza ya pili kacheka mpaka chai ikampalia. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekosa watu wa kuwajaribu. Ofisi nzima ghafla ina mikutano. Nimekwenda kwa shangazi, mgongo wake ukimsumbua kama kawaida. Tukatafuta tiba ya mgongo. Kwanza nikamwonyesha ukurasa wa mazoezi, kisha wa godoro gumu. Mazoezi kayapa alama mbili kwa kumi, akauliza kama aliyeyaandika ana mgongo. Godoro, tisa. Akataka jina la duka. Nikamwandikia.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa shangazi tena. Kurasa zilezile, ila nimeanza na godoro. Safari hii godoro likapata sifuri! Mazoezi, nane. Nikaruka sebuleni, nikagonga taa kwa kichwa. Shangazi akasema nikae chini, namtia kizunguzungu. Nimeshapiga pasi shati.

Ijumaa, 8 Machi
Mbele ya ofisi nzima nilimwomba Profesa mkataba kwanza, ndipo nikaonyesha matokeo. Mtakwimu akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama shangazi alifanya lolote siku ya Jumatano. Nikampigia palepale, kwa spika, nimwaibishe mtakwimu. Shangazi akaeleza kwamba Jumatano aliletewa godoro, kalilalia, kaamka hawezi kuinama kuvaa viatu, na ukurasa ule hataki kuuona tena. Mimi pia hataki kuniona. Chumba kizima kikaangua kicheko. Profesa alicheka huku akifunga faili langu. Masikio yaliniwaka moto. Saa kumi jioni nikarudisha ufunguo wa ofisi.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi kanitupia godoro lake mlangoni. Nimelilalia mchana. Siwezi kuinama, na nimelia kidogo, lakini kichwa kinafanya kazi. Kosa nimeliona. Jana niliomba mkataba kwanza, nikaonyesha matokeo baadaye. Mpangilio mbaya! Jumatatu naenda na karatasi zilezile. Matokeo kwanza, ombi baadaye. Profesa hana budi kubadilika, ndivyo nadharia inavyosema. Nimeshapiga pasi shati.