Samaki wa Uholanzi Aliyeniumbua Minto

Nyinyi vijana, kaeni vizuri msome, na mwenye soda aiweke chini asije akapaliwa. Leo nimeumbuka. Ndiyo, mimi Mama Neema, kiongozi wa maombi ya Ijumaa, yule aliyewapeleka benchi la nyuma kanisani mwezi mzima wale wawili waliokutwa na chipsi Ijumaa, siku ya kufunga. Mimi huyo! Afadhali msome kwangu kabla hamjaletewa na watu wa kuongeza chumvi.

Chanzo ni Uholanzi. Mnajua mwanangu Aline ameolewa kule, mji unaitwa Delft. Akatualika mimi na dada yake, Neema, tukatembee siku chache. Nchi ni tambarare kama meza. Ukipanda juu ya kiti unaona ng'ombe wa wilaya ya pili. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nisichokijua nauliza. Niliuliza mpaka Neema akaanza kutembea mbele yangu kama vile hatujuani.

Nyumba zao ni ndefu, nyembamba, zimebanana, na juu kabisa kuna ndoano ya chuma. Nikauliza, ndoano ya nini? Aline akasema ngazi za ndani ni nyembamba, kabati haipiti, basi wanaivuta kwa kamba inaingilia dirishani.

"Na maiti inatokea wapi?"

"Mama, kula mkate."

Mkate wenyewe wameumwagia vipande vya chokoleti. Asubuhi! Tena wanakula watu wazima wenye ndevu. (Nilikula. Nilikula miwili.)

Siku nyingine tukaenda mji wa Gouda, penye soko la jibini. Jibini kubwa kama gurudumu la toroli, zimepangwa chini uwanjani. Mzee mmoja akaipiga moja kofi, akaiinamia kusikiliza, kama mimi ninavyopiga tikiti pale sokoni Fairfield, kwetu Sydney. Huyo nilimwelewa bila mkalimani.

Lakini mambo mawili yaliniingia rohoni, na ndiyo yaliyonimaliza.

La kwanza, madirisha. Makubwa, yanatazama barabara, na hayana mapazia! Unapita, unamwona mtu na supu yake, na paka wake, na mume wake amelala kwenye kochi. Hakuna anayejificha. Nikamuuliza Aline, hawa watu hawana aibu? Akasema wazee wa hapa husema asiye na la kuficha hafungi pazia. Hilo neno nililipenda. Nilitembea nalo siku nzima.

La pili, samaki. Kuna kibanda pale Delft kando ya mfereji, wanauza samaki mdogo mbichi, amelazwa kwenye chumvi, ana vitunguu. Mtu anamshika mkia, anatupa kichwa nyuma, anafungua mdomo kuelekea mbinguni, anamshusha. Kwisha! Nilisimama pale nikitazama mpaka muuzaji akadhani sina hela, akanipa mmoja bure. Nikafanya kama wao. Vijana, alikuwa mtamu!

Tukarudi Sydney. Ile ndege nayo ina uchawi wake. Unapanda siku hii, unakula, unalala, unakula, unashuka siku nyingine kabisa. Nimelala hapa nyumbani Minto usingizi wa gogo. Leo kuamka, kichwani mwangu ni Alhamisi. Nani wa kunibishia?

Nikaamuru mapazia yote yatolewe. Neema akaguna, "Mama, hapa si Uholanzi. Yule jirani ataona kila kitu."

"Aone! Una nini cha kuficha?"

Akayatoa, akayaloweka yote kwenye beseni la kuogea, akaenda kazini kwake, kule anakotunza wazee. Nyumba ikajaa mwanga. Nikafurahi. Nikasema ndiyo ustaarabu huu.

Mchana nikakaanga samaki wadogo. Mjukuu wangu Ineza, mtoto wa Neema, yuko nyumbani, shule zimefungwa. Nikamwita aje dirishani penye mwanga nimwonyeshe Waholanzi wanavyokula. Akaja, akatazama sahani, akatazama uso wangu, akasema, "Bibi, but today is..."

"Nyamaza. Mkubwa anakufundisha, wewe unafundisha."

(Mtoto alijaribu. Nataka hilo lijulikane.)

Nikamshika samaki mkia. Nikatupa kichwa nyuma. Nikafumba macho, kwa sababu wale wa kibandani Delft nao hufumba. Nikafungua mdomo, nikamshusha. Nikasahau kitu kimoja: samaki wa Delft ametolewa miiba, huyu wangu anayo yote. Akakwama katikati. Nusu ndani, nusu nje.

Nikafumbua macho.

Nje ya dirisha, kwenye maua yangu, wamesimama kina mama wa maombi. Wametembea na jua kutoka stesheni, midomo imekauka, vitenge vyeupe vya kufunga, Biblia kwapani. Nilisahau kabisa kwamba niliwaambia mwenyewe: Ijumaa ya kwanza nikirudi, njooni kwangu. Mbele yao Mama Furaha, msaidizi wangu, ambaye kiti changu amekitamani siku nyingi. Ananitazama. Namtazama. Mkia unaning'inia mdomoni.

Nikatafuta pazia. Mkono wangu ukashika hewa!

Basi nikachuchumaa chini ya dirisha. Bibi mzima. Halafu nikasikia kioo kinagongwa taratibu.

"Mama Kiongozi, tunakuona. Mgongo uko nje."

Mama Chantal alianza kucheka akakaa kwenye majani, akashindwa kuinuka. Nikamtoa samaki, nikafungua mlango.

"Karibuni," nikasema. "Leo si Alhamisi?"

"Ni Ijumaa tangu alfajiri," akajibu Mama Furaha, tena kwa sauti ya upole, ile inayouma zaidi. "Labda Uholanzi wanafunga kwa samaki?"

"Ni ndege ilinivuruga, ndugu zangu."

"Hata wale watoto wa chipsi walisema walisahau, mama."

Ni kweli walisema. Na mimi niliwajibu nini? Niliwajibu kwamba tumbo halisahau, linasingizia tu. Sheria ni msumeno, na leo imenikata mimi. Sikungoja wanihukumu. Nikamwambia Mama Furaha aongoze maombi, nami nikachukua kiti cha plastiki nikakaa nyuma karibu na friji. Mwezi mzima nitakaa benchi la nyuma. Nyinyi wawili wa chipsi, nisogezeeni nafasi Jumapili. Na mnisamehe kwa lile neno la tumbo.

Kina mama wameondoka sasa hivi. Neema amerudi, Ineza amemwigizia mara tatu, na mara ya tatu alitumia kijiko badala ya samaki. Baba yake Ineza naye anacheka chumbani akidhani sisikii. Nimewaita wote sebuleni, nikawapa amri moja: chekeni mpaka jua lizame. Baada ya hapo, nitakayemwona na jino nje, beseni lile la mapazia ni lake, na atafua kwa mkono.